Kabla Hatujamkabidhi Ufunguo

Ilikuwa kumi la kati la Ramadhani, na jua limekwisha kuinama upande wa bara. Uji ulikuwa ukitokota jikoni, viazi vya karai vimekwisha kutiwa binzari, na mkate wa sinia umepoa. Nilipofungua kabati kutafuta tende nikakuta pakiti tupu. Nikamwita mwanangu wa kwanza, aliyekuwa na umri wa miaka 16, nikamwambia: "Baba, chukua pikipiki ya ami yako ufike dukani kule barabarani, ukaniletee tende."

"Ami hayupo, mama."

"Ufunguo u pale msumarini. Kimbia, adhana isikukute njiani."

Maneno hayo ni yangu. Nayaandika kama yalivyotoka kinywani mwangu kwa sababu nimeyasikia tena katika nyumba nyingine hapa Jomvu Kuu, tena yakisemwa kwa mapenzi yale yale niliyokuwa nayo mimi jioni ile.

Tende alizipata. Aliporudi, mfuko umening'inia mkononi na kichwa kitupu bila kofia, alikuta matatu imesimama ukingoni mwa barabara ikishusha abiria. Hakupunguza mwendo. Alitoka kuipita, na wakati uo huo bibi mmoja aliyekwisha kushuka akachomoza mbele ya matatu ile ili avuke. Mwanangu hakumwona mpaka alipokuwa mbele ya gurudumu lake. Adhana ya magharibi ilipolia, tende zilikuwa zimetapakaa juu ya lami, na bibi yule amelala chini, mfupa wa paja umevunjika.

Alikaa hospitalini wiki kadhaa. Leo anatembea kwa mkongojo. Nilipokwenda kumtazama na kumwomba radhi alinishika mkono akaniambia: "Mwanangu, mimi nimesamehe. Lakini nambie, ni nani aliyempa mtoto ule kitu kile?"

Sikuwa na la kujibu. Makala haya, ndugu msomaji, ni jawabu langu la baada ya miaka mitatu.

Sheria yasema nini

Tuanze na lililo wazi. Nchini Kenya, kijana hapewi leseni ya kuendesha gari dogo kabla ya kutimiza miaka 18. Leseni ya bodaboda na ya tuktuk nayo haipatikani kabla ya umri huo. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Mwanafunzi kwanza huomba leseni ya muda ya kujifunzia, na chombo anachojifunzia hubandikwa herufi L mbele na nyuma, ili wenzake barabarani wajue kuwa anayekuja bado yu shuleni.

Leseni zenyewe zimegawanywa kwa madaraja. Wako vijana wengi wanaodhani kuwa aliyefaulu mtihani wa gari dogo amepata ruhusa ya kila chenye injini. Sivyo. Gari dogo lina daraja lake, na pikipiki ya abiria na tuktuk zina daraja lake jingine. Mwenye leseni ya gari akipanda bodaboda bila kusomea, mbele ya sheria yeye ni sawa na asiye na leseni.

Lakini sehemu ya sheria iliyonigusa zaidi haimhusu kijana, yamhusu mwenye chombo. Sheria ya Trafiki, yaani Sura ya 403, yamkataza mwenye gari au mwenye kulisimamia kumruhusu mtu asiye na leseni aliendeshe. Kwa hivyo ami aliyeacha ufunguo msumarini na mama aliyesema "chukua" nao wamo ndani ya kosa. Kisha kuna bima. Bima ya kuwalinda watu wengine barabarani ni lazima kwa kila chombo, lakini hati nyingi za bima huweka sharti kwamba dereva awe na leseni. Sharti hilo likivunjwa, gharama za aliyeumizwa zaweza kumrudia mwenye chombo mwenyewe. Sisi tuliuza mbuzi, tukauza na cherehani, tukachangiwa na jamaa. Wala simlaumu mtu.

Dini nayo yasema nini

Wako wanaoona kuwa sheria za barabarani ni mambo ya serikali tu, na kwamba anayezivunja bila kukamatwa hana deni. Fikira hii ni ya kusahihishwa nyumbani, mapema, kabla mtoto hajashika usukani.

Mnamo Juni 1993, Jopo la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana mjini Bandar Seri Begawan, nchini Brunei, na moja katika mambo yaliyojadiliwa na wanazuoni lilikuwa ajali za barabarani. Waliamua kuwa kuzifuata kanuni za barabarani ambazo hazipingani na sheria ya Kiislamu ni wajibu, kwa kuwa kanuni hizo zimewekwa kwa ajili ya maslahi ya watu na kulinda nafsi zao. Kwa maana hiyo, kusimama penye taa nyekundu usiku wa manane, hali hapana askari, ni katika utiifu.

Tena sote twajua uzito wa kuiondoa roho ya mtu, hata kwa kukosea. Qur'ani katika Suratun Nisaa imeweka diya kwa jamaa za aliyeuawa kwa makosa, na kafara juu yake, ambayo kwa asiyeweza kuacha huru mtumwa ni kufunga miezi miwili mfululizo. Fikiria kijana wa miaka 17 anayebeba deni hilo kwa sababu ya safari ya dakika kumi. Bibi yetu alivunjika mfupa, akabaki hai. Kila nikikumbuka jioni ile namshukuru Mola kwa hilo, na kila nikishukuru naona haya.

Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni tawi katika matawi ya imani. Alitufundisha pia kuwa njia ina haki zake, na miongoni mwazo ni kujizuia kuwaudhi wapitao. Ikiwa kuokota mwiba ni imani, basi kumwachia barabarani mtoto asiyejua ni kuutupa mwiba mkubwa zaidi. Na yule anayesema "Mwenyezi Mungu atamlinda" akumbuke kuwa aliyeuliza kuhusu ngamia wake aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee.

Kwa nini vijana

Shirika la Afya Duniani lasema kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Hapa kwetu Kenya, katika miaka ya karibuni waliokufa barabarani wamezidi 4,000 kila mwaka.

Kijana si mbaya kwa tabia kuliko mtu mzima. Macho yake yaona vizuri zaidi, na mikono yake ni myepesi. Anachokosa ni kule kuona jambo kabla halijatokea. Dereva mzoefu akiona matatu imesimama, moyo wake humwambia: mbele ya gari hili kuna mtu nisiyemwona. Akiona mpira umebingirika barabarani, mguu wake huenda kwenye breki, kwa kuwa ajua mtoto yu nyuma ya mpira. Elimu hii haiingii kwa siku moja, wala haiji pamoja na karatasi ya leseni. Yataka miaka.

Wako waliolitambua hilo wakalitungia sheria. New Zealand, tangu mwaka 1987, leseni ya kijana hupatikana kwa daraja. Kwanza hujifunza akiwa na msimamizi. Kisha hupewa leseni yenye mipaka, ambayo haimruhusu kuendesha peke yake kuanzia saa 4 za usiku hadi saa 11 za alfajiri, wala kuchukua abiria ikiwa hana msimamizi. Mwisho ndipo apewapo leseni kamili. Nchi kadhaa na majimbo ya Marekani yamefuata njia hiyo. Sababu yake yaeleweka: usiku huficha mengi, na wenzake kijana wakijaa garini humtia ushujaa wa bure. Tafiti za Marekani zimeonyesha kuwa dereva wa miaka 16 au 17 huzidi kuwa katika hatari ya kufa kadiri abiria wa rika lake wanavyoongezeka garini.

Hata kama sheria haikumwekea mipaka hiyo mwana wetu, nyumba haikatazwi kumwekea.

Barabara hii yetu

Jomvu Kuu ni mji wa kale. Wajomvu ni katika Tisa Taifa za Waswahili wa Mombasa, na mababu zetu walisafiri kwa mtumbwi na ngalawa kwenye hori hili lenye mikoko. Baharini mtoto hakuachiwa kasia siku ya kwanza. Alikaa kati ya chombo, akachota maji, akajifunza upepo na maji kupwa na kujaa, na siku aliyokabidhiwa usukani alikuwa amekwisha kuijua bahari. Barabara tumeiendea kwa namna nyingine.

Na barabara yenyewe si ya mchezo. Barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi yapita ubavuni mwetu, nayo ndiyo njia ya mizigo ya bandari kuelekea bara, Uganda, Rwanda na kwingineko. Reli ya kisasa ilifunguliwa mwaka 2017 na kituo chake kikuu kiko hapo Miritini, lakini malori hayajaisha. Sehemu ya kutoka Changamwe hadi Kwa Jomvu imepanuliwa, na upana huo umeleta faraja na mtihani pamoja: magari yaenda kasi zaidi, na anayevuka kwa miguu ana njia nyingi zaidi za kuvuka.

Yako mambo matatu ambayo kila kijana wa hapa yampasa ayajue kabla hajagusa usukani.

La kwanza ni lori la trela. Kwetu dereva hukaa upande wa kulia, kwa hivyo upande wake wa kushoto na nyuma kabisa ya konteina ni mahali asipopaona vizuri. Trela likitaka kuingia kushoto, mara nyingi hujitanua kulia kwanza, na mwendesha pikipiki asiyejua huona nafasi imefunguka akaingia. Kisha trela hukata kona, na magurudumu ya nyuma hupita ndani zaidi kuliko ya mbele. Mwambie mwanao: ukiwa huuoni uso wa dereva katika kioo chake cha pembeni, naye hakuoni.

La pili ni mwendo. Gari lendalo kilomita 50 kwa saa hupita mita 14 kwa sekunde moja. Juu ya lami kavu, na breki nzima, litahitaji mita kama 25 kusimama kabisa, tangu dereva aone hatari. Likienda kilomita 80, litahitaji zaidi ya mita 50. Mwendo haukuongezeka hata mara mbili, lakini umbali wa kusimama umezidi mara mbili. Mvua ya masika ikinyesha, umbali huo huongezeka tena. Ndiyo maana sheria imeweka kilomita 50 kuwa kikomo ndani ya miji na penye maduka.

La tatu ni chombo kilichosimama. Matatu, lori bovu, tuktuk inayoshusha mzigo, vyote ni pazia. Nyuma ya pazia kuna mtu. Lau mwanangu angalilijua hili moja tu, ningeliandika makala mengine leo.

Darasa la kiti cha pembeni

Mwana huanza kujifunza kuendesha tangu siku ya kwanza anapokaa garini akaona. Kabla ya miaka 18, amekwisha kumtazama baba yake, ami yake, dereva wa matatu na kijana wa bodaboda kwa maelfu ya safari. Akimwona baba ajibu simu huku mkono mmoja u kwenye usukani, atajua kuwa hivyo ndivyo. Shirika la Afya Duniani lasema dereva anayetumia simu yu karibu mara nne zaidi katika hatari ya kupata ajali. Sekunde mbili za kutazama ujumbe, kwa mwendo wa kilomita 50, ni mita 28 za kwenda umefumba macho.

Kwa hivyo darasa la kwanza ni sisi kujirekebisha. Wazee wetu wakumbuka mwaka 2004, waziri John Michuki alipozilazimisha matatu kuweka mikanda na vidhibiti mwendo. Watu walinung'unika, kisha wakafunga mikanda. Leo mkanda uko, lakini wengi huuvuta tu wamwonapo askari. Mkanda hupunguza hatari ya kufa kwa aliyekaa mbele kwa kadiri ya nusu. Mama ukifunga wako kila safari, hata ya kutoka hapa hadi Mikindani, mtoto hatahitaji mawaidha.

Vivyo hivyo kofia ya pikipiki. Sheria yamtaka dereva na abiria wake wote wawili wavae kofia na koti lenye kung'aa, na yaruhusu abiria mmoja tu. Utafiti umeonyesha kuwa kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Sisi kina mama twasema kofia haikai juu ya mtandio, au kwamba imevaliwa na wengi. Basi tununue ya kwetu wenyewe, tuvae mtandio mwembamba chini yake, na tukatae kupanda watatu. Kijana wa bodaboda atakayekosa abiria wa tatu leo atajifunza kuliko atakavyofunzwa na bango lolote.

Darasa la pili ni kumpa mtoto kazi akiwa abiria. Kuanzia miaka 13 au 14, mkae naye mbele umuulize: "Alama ile yasema nini? Yule mzee anayesimama ukingoni, waona atafanya nini? Kwa nini lori lile limewasha taa?" Tulifanya hivyo na mwanangu miaka miwili, ndani ya matatu na ndani ya gari la kaka yangu. Mwanzoni aliona upuuzi. Baadaye akawa yeye ndiye anayenigutua: "Mama, mlango wa tuktuk ile utafunguliwa."

Darasa la tatu ni ulimi wetu. Tuliondoe neno "kimbia" katika maagizo. Tusimpigie simu aliye njiani, na tukimpigia asijibu, tusimgombeze. Tununue tende mchana.

Kuchagua shule ya udereva

Umri ukitimia, apelekwe shule, asifunzwe uchochoroni na rafiki. Mzazi aende mwenyewe akaulize: je, shule ina kibali cha NTSA? Mwalimu ana leseni ya kufundisha? Gari lina breki ya pili upande wa mwalimu? Masomo ya nadharia hufundishwa kweli, au hutiwa sahihi tu?

Wengi wetu twaujua ule ubao wenye mchoro wa mji, wenye barabara, raundabauti na vigari vidogo vya kusogeza kwa mkono. Vijana huucheka, na wengine huukariri kama kasida ili wafaulu. Lakini ubao ule ndio mahali pa pekee ambapo kosa halivunji mfupa. Mwana aketi naye nyumbani, achore raundabauti ya Changamwe kwenye karatasi, aeleze nani ana haki ya kupita kwanza, na kwa nini.

Kufaulu mtihani nako si mwisho wa masomo. Mwalimu wa mwanangu alimpa nasaha moja njema: kwa miezi sita ya kwanza, asiendeshe njia asiyowahi kuipita akiwa na mkubwa pembeni yake. Na jambo jingine la aibu ambalo yafaa lisemwe ni leseni ya kununua. Mzazi anayelipa ili mtoto asifanye mtihani amemnunulia mwanawe hatari, na amewanunulia majirani zake pia.

Na mabinti zetu

Niliulizwa na mama mmoja baada ya darsa la wanawake: "Haya yote ni ya wavulana, au na wasichana?" Jawabu langu ni kuwa na wasichana pia, tena mapema. Juni 24, 2018, Saudi Arabia iliwaruhusu wanawake kuendesha magari, baada ya miaka mingi ya marufuku. Hapa pwani hatukuwa na marufuku ya sheria, lakini katika nyumba nyingi ilikuwepo ya desturi.

Binti anayejua kuendesha aweza kumkimbiza mama yake hospitalini usiku bila kungoja mtu wa kando. Aweza kuwapeleka wadogo zake madrasa. Na hata asipoendesha kamwe, akijua sheria za barabara hatakaa kimya dereva wake anapokosea. Binti yangu wa pili ana miaka 15. Yeye ndiye mkali wa mikanda nyumbani kwetu.

Ahadi ya nyumba

Baada ya msiba ule tulikaa kitako, baba yao, mimi, ami yao na watoto, tukaandika ahadi, tukaibandika nyuma ya mlango. Naiweka hapa, si kwa kuwa ni bora kuliko za wengine, bali kwa kuwa tunaishi nayo:

Asiye na leseni hagusi ufunguo, awe ametumwa na nani. Ufunguo haukai msumarini, hukaa kwa mwenyewe. Hapandi mtu pikipiki bila kofia. Mwaka wa kwanza wa leseni, dereva mpya harudi nyumbani baada ya saa 4 za usiku, wala habebi marafiki zaidi ya mmoja. Simu hukaa mfukoni. Aliyechoka, au mwenye usingizi wa baada ya daku, haendeshi. Na akijikuta mahali ambapo dereva wake hafai, aweza kutupigia saa yoyote, nasi tutamlipia gari jingine bila kumuuliza maswali usiku ule.

La mwisho hilo lilibishaniwa. Baba yao aliona litawafanya wazembe. Nami nikamkumbusha kuwa mtoto anayeogopa kugombezwa hupanda chombo cha hatari ili asichelewe. Tukaliandika.

Mguu haujaamini

Mwanangu sasa ana miaka 19. Alifaulu mtihani wake mwaka jana, naye huendesha gari la kaka yangu kwa ruhusa. Alipopata leseni, kwanza alikwenda kwa bibi yule. Alimsalimia, akabusu mkono wake, akamwambia kuwa siku ya kliniki atampeleka yeye mwenyewe kwa gari, iwe heri.

Bibi alimtazama muda mrefu, akatabasamu. "Moyo umekwisha kukuamini, mwanangu. Mguu bado."

Mwanangu hakukasirika. Siku ya kliniki ilipofika alikwenda mapema, akamtafutia tuktuk ya mzee amjuaye, akamsaidia kupanda, akamwomba dereva aende taratibu. Akalipa. Kisha akarudi nyumbani kwa miguu, akaniambia: "Mama, nitamuuliza tena mwakani."

Mwenyezi Mungu awahifadhi wana wetu na wana wa wenzetu, wapandao na wapitao kwa miguu, na atujaalie sisi wazazi tusiwe sababu ya madhara kwao wala kwa wengine. Amin.